Swichi ipi iruhusiwe kuingia kwenye staki?

Swali: Nasimamia mtandao wa chuo. Jengo la utawala lina staki ya swichi tatu za Cisco Catalyst 3750-X, yaani swichi zilizounganishwa kwa kebo maalumu zikafanya kazi kama swichi moja. Hivi karibuni fundi wa zamu alihitaji poti zaidi. Akatoa stoo swichi ya aina hiyo hiyo iliyowahi kutumika jengo jingine, akaifunga kwenye raki, akaiwasha, ndipo akachomeka kebo za staki. Papo hapo swichi zangu tatu zikazima na kuwaka upya. Ziliporudi, VLAN zote (migawanyo ya mtandao ndani ya swichi) zilikuwa za lile jengo la zamani, na kompyuta za ofisini hazikupata anwani. Swichi yangu ya kwanza nilikuwa nimeipa kipaumbele cha 10, nikiamini nimeilinda. Sasa tumeletewa Juniper EX3400 nne kwa ajili ya maabara. Nifanyeje ili kwenye staki iingie swichi niliyoichagua mimi tu? Tukiwasha 802.1X, ule ukaguzi wa utambulisho wa anayechomeka kwenye poti, je, itatosha? Na swichi za akiba zilizo stoo, niziandikishe mapema au nisubiri hadi zihitajike?

Jibu: Ndugu yangu, kipaumbele ulichokiweka si kosa, ila kinajibu swali jingine kabisa. Kipaumbele kinaamua nani aongoze staki. Hakiamui nani aingie. Ni kama harusini: kukaa meza kuu ni jambo moja, na kadi inayokaguliwa mlangoni ni jambo jingine. Staki yako ilikuwa na meza kuu iliyopangwa vizuri, lakini mlangoni hapakuwa na mtu. Mafundi wengi wazuri huchanganya mambo haya mawili, kwa sababu vitabu vya watengenezaji huanza na uchaguzi wa kiongozi na suala la ruhusa wakalipitia juu juu.

Tuanze na kilichotokea, maana ukikielewa hiki mengine yote yatafunguka.

Catalyst 3750 ikiwaka peke yake, hata kama haina kebo yoyote ya staki, inajihesabu kuwa ni staki ya swichi moja, na yenyewe ndiyo masta, yaani kiongozi. Kwa hiyo fundi wako alipoiwasha kwanza na kuchomeka kebo baadaye, hakuongeza mwanachama. Aliunganisha staki mbili, kila moja ikiwa na masta wake. Hapo ndipo uchaguzi unapofanyika. Kanuni ya kwanza ya uchaguzi huo humpendelea aliye masta tayari, lakini hapa wote wawili ni masta, kwa hiyo kanuni hiyo haimwondoi yeyote. Kanuni inayofuata ni kipaumbele, chenye kiwango cha 1 hadi 15, na swichi mpya kutoka kiwandani huwa na 1. Yako ilikuwa na 10. Huenda ile ya stoo ilikuwa na 15, kwa sababu kule ilikotoka nayo ilikuwa kiongozi, na mtu mwingine mwangalifu kama wewe aliipa namba ya juu kuliko zote. Ikashinda. Utaratibu wa Cisco hapo uko wazi: masta aliyeshinda anabaki na nafasi yake pamoja na mipangilio yake, na wengine wote, wakiwemo waliokuwa masta, wanajiwasha upya na kujiunga wakiwa wanachama wa kawaida chini ya mipangilio ya mshindi. Ndiyo maana VLAN za jengo la zamani zilifufuka ofisini kwako.

Angalia pia namba za poti. Swichi ya stoo huenda ilikuwa na namba 1, na swichi yako ya kwanza nayo ilikuwa 1. Namba hazigongani: masta anabaki na yake, na aliyeshindwa anapewa namba iliyo wazi. Kwa kuwa 2 na 3 zina wenyewe, swichi yako ya kwanza huenda sasa ni 4. Hivyo hata ukirudisha nakala ya mipangilio yako, mistari iliyoandikwa kwa ajili ya poti 1/0/5, yaani poti ya 5 ya swichi namba 1, itaangukia swichi ya stoo badala ya ile uliyoikusudia. Kabla ya kurudisha chochote, endesha `show switch`, linganisha anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) na vibandiko vilivyo kwenye maboksi yenyewe, urekebishe namba kwanza, ndipo urudishe mipangilio. Ukianza na mipangilio utahangaika usiku kucha.

Sasa kuhusu ruhusa kwenye hizo Catalyst. Kuna amri ambayo wengi huidhania ni mlango:

`switch 4 provision ws-c3750x-48p`

Amri hii inaitengea nafasi swichi ya nne na kukuwezesha kuandika mipangilio ya poti zake kabla haijafika. Ni nzuri kwa maandalizi. Lakini haimzuii mtu. Ikija swichi ya modeli nyingine ikiwa na namba 4, staki haiikatai: inaiwekea mipangilio ya kawaida, inaipokea, kisha inabadilisha lile andiko lako lilingane na mgeni. Kwenye staki za StackWise, kama Cisco wanavyoziita hizi, hakuna orodha ya namba za siriali inayosema huyu aingie na yule abaki nje. Kebo ikichomekwa, imechomekwa. Naona huu ni upungufu wa kweli katika muundo wake, na usijipe moyo kwamba kuna amri iliyofichika uliyoikosa.

Kwa hiyo kwenye Catalyst mlango wako ni utaratibu wa kazi, na utaratibu huo uko kwenye meza ya karakana, si kwenye raki. Swichi yoyote inayotoka stoo iwashwe mezani ikiwa peke yake, kebo ya konsoli (ya kuingilia moja kwa moja kwenye swichi) ikiwa imechomekwa, ifutwe:

`write erase`
`delete flash:vlan.dat`
`reload`

Hapa pana mtego, na ningependa uutazame kwa makini kwa sababu ndio uliokuumiza. `write erase` inafuta mipangilio, lakini haifuti kipaumbele cha staki wala namba ya uanachama. Hivyo viwili havikai kwenye faili la mipangilio. Vinakaa pembeni kama vigezo vya swichi yenyewe, vinavyoitwa SWITCH_PRIORITY na SWITCH_NUMBER. Swichi inaweza kuonekana safi kabisa, haina jina wala VLAN, ikakuuliza maswali ya mwanzo kama imetoka kiwandani leo, na bado ndani yake ikawa imebeba ile 15. Mtu akiiwasha na kuiunganisha namna hiyo, swichi tupu inaiteka staki nzima na kuileta kwenye utupu wake. Kwa hiyo baada ya kuifuta, endesha `show switch`, soma safu ya kipaumbele, kisha uiweke chini kwa mkono na uipe namba utakayoitumia:

`switch 1 priority 1`
`switch 1 renumber 4`

Weka namba iliyopo sasa badala ya 1 kama ni tofauti. Kwenye 3750 amri hizi mbili zinaandikwa ukiwa ndani ya hali ya kuhariri mipangilio. Kwenye Catalyst 3850 na 9300 zinaandikwa nje yake, jambo linalowapotezea muda wanaohamia huko. Namba mpya inaanza kufanya kazi swichi ikishawaka upya. Hakikisha pia toleo la programu ni lile lile la staki, la sivyo mgeni ataishia kwenye hali ya kutolingana kwa matoleo.

Kisha uizime. Chomoa umeme kabisa, ipeleke kwenye raki, unganisha kebo za staki ikiwa imezimika, ndipo uiwashe. Swichi iliyowaka huku kebo tayari zimo inamkuta masta yupo, na inaingia kama mwanachama bila ugomvi. Ukitaka kuhakikisha, `show switch` ionyeshe zote zikiwa Ready, na `show switch stack-ports` ionyeshe kila poti ni OK. Kuhusu kebo, staki ni duara: fungua sehemu moja tu kwa wakati, weka mgeni, funga. Ukifungua sehemu mbili kwa pamoja unapata staki mbili zenye anwani moja ya IP, na matatizo yanayofuata yanafanana sana na yale uliyoyapata.

Mkononi mwa fundi wa zamu, utaratibu huu uwe karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa raki. Huyo fundi wako usimlaumu. Alifanya kile ambacho boksi lenyewe lilimruhusu.

Tuje kwa Juniper, na hapa nina habari njema. EX3400 zinaunganishwa kwa kile wanachokiita Virtual Chassis, hadi swichi 10, na mfumo huu una mlango halisi. Lakini ni lazima uuwashe mwenyewe, kwa sababu Virtual Chassis inaweza kuendeshwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo utakayoikuta usipofanya lolote, ni ile isiyo na orodha: swichi zikikutana zinachaguana kwa kipaumbele, cha 0 hadi 255, na cha kawaida ni 128. Hapo uko katika hali ile ile ya Catalyst zako. Namna ya pili ni ya orodha iliyoandikwa kabla:

`set virtual-chassis preprovisioned`
`set virtual-chassis member 0 role routing-engine serial-number SIRIALI-A`
`set virtual-chassis member 1 role line-card serial-number SIRIALI-B`
`set virtual-chassis member 2 role line-card serial-number SIRIALI-C`
`set virtual-chassis member 3 role routing-engine serial-number SIRIALI-D`

Kila mwanachama anatajwa kwa namba yake ya siriali, anapewa namba ya nafasi, na anapewa kazi. Wenye kazi ya routing-engine ni wawili tu, na hao ndio wanaoweza kuongoza: mmoja anakuwa masta, mwingine msaidizi wake. Wenye kazi ya line-card hawataongoza kamwe, hata wale wawili wakizimika. Ukiwa kwenye namna hii, huruhusiwi tena kuandika kipaumbele. Mfumo wenyewe unawapa wale wawili 129 kila mmoja, na wengine 0. Mimi naipenda sana hatua hii, kwa sababu inaondoa kabisa ule mchezo wa mafundi kushindana kuandika namba kubwa. Swali la nani aongoze na swali la nani aingie yote yanajibiwa katika orodha moja, na anayeiandika ni wewe.

Swichi ambayo siriali yake haimo, hata kama kebo imechomekwa vizuri na taa zinawaka, haipewi kazi. Ukiendesha `show virtual-chassis` utaiona hali yake imeandikwa Unprvsnd, yaani haijaandikishwa. Usome ukurasa huo mpaka uuzoee. Juu kabisa patakuwa na maneno Preprovisioned Virtual Chassis. Yasipokuwepo, orodha yako haijaanza kazi, hata kama unakumbuka kuiandika. Aliyemo na yupo ni Prsnt. Aliyeandikishwa lakini hayupo, pengine amezimika au kebo imelegea, ni NotPrsnt. Safu ya Role inakuonyesha nani masta, nani msaidizi, na nani mwanachama wa kawaida.

Maabara yako bado haijaanza kutumika, kwa hiyo fanya hivi. Soma siriali za swichi zote nne kwa `show chassis hardware`, moja baada ya nyingine zikiwa mezani. Vibandiko vya nyuma pia vina namba hizo, lakini O na 0 zimewaponza wengi, kwa hiyo ninapendelea kunakili kutoka kwenye konsoli. Andika orodha kamili kwenye swichi moja itakayokuwa routing-engine. Nyingine tatu zirudishwe kwenye hali ya kiwandani kwa `request system zeroize`, hata kama zimetoka kwenye maboksi yao leo, ili pasiwe na mabaki ya majaribio ya mtu. Hakikisha zote zina toleo moja la Junos, programu inayoendesha swichi za Juniper. Kisha washa ile ya kwanza, chomeka kebo, washa nyingine kwa zamu, na kila moja ikiingia utazame ile safu ya hali kabla ya kwenda kwa inayofuata.

Wale wawili wa routing-engine usiwaweke kwenye umeme wa chanzo kimoja kama raki ina vyanzo viwili. Mimi huwaweka kwenye ncha za raki badala ya kuwapandanisha, ili ajali moja ya sehemu moja isiwachukue wote. Ongeza pia `set system commit synchronize` ili kila unachokithibitisha (kwa amri ya `commit`) kifike kwa wote.

Siku moja utataka kuigeuza staki ya Juniper inayofanya kazi kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili. Siku hiyo kuwa mwangalifu: mwanachama anayefanya kazi ambaye umesahau kumwandika atatolewa nje mara tu utakapothibitisha, pamoja na watumiaji wote waliomo kwenye poti zake. Tumia `commit confirmed 5`. Junos inaweka mipangilio mipya, inasubiri dakika 5, na usipoithibitisha tena inarudi yenyewe ilikokuwa. Usiifanye kazi hii ukiwa mbali na raki, na iliyo bora zaidi ni kuwa kwenye konsoli.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni swichi iliyoharibika. Ikiungua kwa radi na mtengenezaji akakuletea nyingine, mpya inakuja na siriali yake. Mipangilio ya poti haibadiliki, modeli ni ile ile, kebo ni zile zile, na bado haitaingia. Fundi asiyejua atabadilisha kebo, atawasha na kuzima, atapiga simu kwamba nayo ni mbovu. Dawa ni mstari mmoja: badilisha siriali ya mwanachama huyo kwenye orodha, namba ya nafasi ibaki ile ile, thibitisha. Mipangilio ya poti itamfuata mwenye nafasi. Andika hili kwenye ile karatasi ya raki kwa herufi kubwa.

Kuna mlango mmoja zaidi kwenye EX3400. Poti zake mbili za QSFP+ za gigabiti 40 zinatoka kiwandani zikiwa tayari ni za Virtual Chassis. Swichi nne zikiunganishwa kwa duara zitazitumia zote, vizuri. Lakini kama una swichi inayosimama peke yake mahali pengine chuoni, poti hizo ziko wazi zikimsubiri yeyote. Zitoe katika kazi hiyo:

`request virtual-chassis vc-port delete pic-slot 1 port 0`
`request virtual-chassis vc-port delete pic-slot 1 port 1`

EX2300, swichi nyingine za Juniper, hazina tabia hiyo. Kwake hakuna poti ya staki mpaka wewe uitangaze.

Sasa swali lako la 802.1X. Hapana, haitatosha, na kwa suala hili haisaidii chochote. 802.1X inakagua mtu anayechomeka kwenye poti ya kawaida: kompyuta, simu, printa. Poti za staki si poti za kawaida. Hizo ni uti wa mgongo wa swichi yenyewe. Kinachopita humo hakiulizwi jina wala neno la siri. Iwashe 802.1X kwa sababu nyingine, zipo nyingi na ni nzuri. Na kama hofu yako ni mtu kuleta swichi yake na kuichomeka kwenye poti ya ukutani, hapo unahitaji BPDU guard kwenye poti zote za watumiaji, ili poti ifungwe mara tu inaposikia swichi nyingine inazungumza.

Umeuliza kuhusu staki, lakini katika vyuo vingi kuna pia klasta za usimamizi, na ningekuacha nusu njia nisipozitaja. Hizi si kebo za nyuma. Ni swichi zilizotawanyika majengo mbalimbali, moja ikizisimamia nyingine zote kwa anwani moja ya IP. Baadhi ya swichi za H3C zinazo, na baadhi ya zile za HPE zinazoendeshwa na Comware, programu ya H3C, zimezirithi. Swichi inayosimamia hutafuta majirani kupitia itifaki mbili, NDP na NTDP, kwa kawaida hadi hatua 3 kutoka ilipo. Kila inayoipata inakuwa mgombea. Ukiendesha `auto-build` inawachukua wagombea wote kwa pamoja, na ndiyo sababu sipendekezi amri hiyo nje ya maabara. Waongeze mmoja mmoja kwa anwani zao za MAC.

Kwenye mfumo huo ipo orodha ya waliokatazwa, na ina jambo moja la kushika. Ukimwondoa mwanachama kwa `delete-member 5` peke yake, hujamkataza. Umemtoa tu, naye katika mzunguko unaofuata wa utafutaji ataonekana tena, na anaweza kurudi. Ukitaka asirudi andika `delete-member 5 to-black-list`, au mwandike kwa MAC kabla hajafika kwa `black-list add-mac`. Ukishapata mpangilio unaoukubali, `topology accept all save-to local-flash` inauhifadhi kama kielelezo, na baadaye utaweza kulinganisha kilichopo na ulichokikubali.

Cisco nao walikuwa na klasta za namna hii, hadi swichi 16 ikiwemo inayoziongoza, na kisa chake kila anayeshughulika na mambo haya anapaswa kukijua. Tarehe 7 Machi 2017 WikiLeaks walitoa nyaraka walizoziita Vault 7, walizosema ni za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wahandisi wa Cisco walizipitia wakitafuta kama bidhaa zao zimetajwa, na tarehe 17 mwezi huo huo wakatangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2017-3881. Ulikuwa kwenye itifaki ya kusimamia klasta, inayotumia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, ndani kwa ndani. Ujumbe maalumu uliopaswa kukubaliwa tu kati ya wanachama wa klasta ulikuwa unakubaliwa kutoka kwa yeyote anayefungua Telnet, na ukitumwa ukiwa umeharibiwa makusudi ulimpa mtumaji udhibiti kamili wa swichi bila neno la siri. Modeli 318 za swichi ziliguswa. Hata swichi ambayo mwenyewe hajawahi kuunda klasta ilikuwa hatarini, mradi Telnet imewashwa. Programu ya kurekebisha ilitoka Mei, na kabla ya hapo kinga ilikuwa moja: zima Telnet, tumia SSH, njia ya kuingia kwa mbali iliyosimbwa.

Nimekusimulia hili kwa sababu 3750 ni za kizazi hicho. Kagua toleo la programu ulilonalo. Bila kujali toleo, kwenye laini zote za kuingilia weka `transport input ssh`, na kama hutumii klasta andika `no cluster run`.

Pia usiipe ile orodha ya siriali uzito usio wake. Siriali imeandikwa nyuma ya boksi, kila mwenye macho anaisoma. Anwani ya MAC inaweza kuigwa. Orodha hizi zinakukinga na makosa, swichi ya stoo, haraka ya saa tano usiku, fundi mgeni, na makosa ndiyo yanayoangusha mitandao ya vyuo karibu kila siku. Hazikukingi na mtu aliyedhamiria na aliyesimama mbele ya raki yako. Kinga yake ni kufuli la raki, funguo zenye mwenyewe anayejulikana, na konsoli inayodai neno la siri. Nimeona majengo yenye mipangilio ya kupendeza huku raki ikiwa kwenye korido, mlango umeegemezwa na ufagio.

Mwisho, swichi za akiba. Kwa EX3400 ziandikishe mapema. Mfumo unaruhusu mwanachama aliyeandikwa lakini hayupo. Ataonekana NotPrsnt siku zote na hakuna kinachoharibika. Faida yake ni kwamba fundi wa zamu akiihitaji usiku anachomeka na inaingia, bila kuamshana na bila kugusa mipangilio. Ila mpe kazi ya line-card tu. Nafasi ya routing-engine usiiache wazi kwa swichi ambayo hujui itakuwa na toleo gani la Junos siku itakapotolewa stoo. Na kila unapopandisha toleo kwenye staki, itoe hiyo ya akiba, uipandishe nayo siku hiyo hiyo, uifute, uirudishe. Kwa Catalyst za utawala hakuna pa kuiandikisha, kwa hiyo ya akiba ikae stoo ikiwa imefutwa, kipaumbele ni 1, namba ya staki imewekwa, na kibandiko juu yake chenye tarehe iliyofutwa na jina la aliyeifuta. Isiyo na kibandiko hicho ipitie mezani kwanza.